Mapokezi ya Hadubini

Nchi ya Takrimani haimo katika ramani yoyote iliyopigwa chapa, na wenyeji wake hawaoni kwamba hilo ni tatizo, kwa kuwa mgeni akipangiwa kuja atakuja tu. Ni nchi yenye mvua ya kutosha, mihogo mizuri, na barabara zilizopangwa mawe pembeni, kila jiwe limepakwa chokaa. Serikali yake husifiwa mbali kwa jambo moja: hakuna serikali katika ukanda ule inayotenga fungu nono kama lake kwa elimu ya sayansi na teknolojia shuleni. Sifa hiyo ndiyo iliyomtoa Bwana Shekalaghe kwao.

Bwana Shekalaghe alikuwa mkaguzi wa shule, mtu mpole, mnene kiasi, apendaye pilau na kuchukia ugomvi. Wakubwa wake walikuwa wamechoka kusikia kwamba Takrimani inawashinda, wakamwagiza aende akaone fedha zile zinatumikaje, arudi awaeleze, nao waige. Namna alivyosafiri si jambo la kumchosha msomaji. Alifika, akapokewa. Alipokewa mpakani kwa ngoma, akapokewa njia panda kwa kwaya, na alipoingia mji mkuu alipokewa na watu waliokuwa wametoka kuwapokea waliompokea.

Katika Wizara ya Sayansi na Mapokezi alikaribishwa na ofisa mmoja mtaratibu, akaelezwa mambo tangu mwanzo. Sheria mama ya Takrimani, alisema ofisa, ni kwamba kitu chochote kinachoingia mahali bila kupokewa huhesabiwa kuwa kimeibwa. Sasa, miaka ya nyuma Baraza la Taifa lilipotenga fungu la sayansi, mjumbe mmoja alipendekeza kila shule inunuliwe hadubini, ile mashine ya kukuzia vitu ambavyo jicho haliwezi kuviona. Hoja ilikuwa nzuri, ila mjumbe mwenzake akauliza hadubini hizo zitapokewa na nani, na kwa kitoweo gani. Wakapiga hesabu. Wakinunua hadubini za shule zote, fedha za kuzipokea hazipo. Na wakizinunua bila kuzipokea, watakuwa wamegeuza shule za nchi nzima kuwa maghala ya mali ya wizi. Mjadala ulikuwa mkali, hata kuna waliokosa chakula cha mchana. Mwishowe mjumbe wa tatu, ambaye sasa ana sanamu yake mbele ya Wizara, akaonyesha njia: inunuliwe hadubini moja, izunguke shule zote, na fedha zote zilizobaki zitumike kuipokea.

Bwana Shekalaghe aliuliza, kwa adabu, wanafunzi wanajifunza nini hasa. Ofisa alimtazama kwa huruma kidogo. Alisema wanajifunza kupokea. Wanaujua wimbo wa sehemu za hadubini, kuanzia lenzi hadi kitako, kwa sauti zote nne. Ukutani nyuma yake palikuwa na maneno yaliyowekwa kwenye fremu: *Mgeni njoo, mwenyeji apone.* Kwingine huo ni msemo tu. Pale ulikuwa kifungu cha bajeti. Mkaguzi alikuwa na swali jingine, lakini chakula kikaletwa.

Alipelekwa mji wa Kisimani, ambako Hadubini ya Taifa ilitarajiwa juma lile, akafikia nyumbani kwa Mwalimu Tunu, aliyefundisha sayansi katika shule ya mji. Mwalimu Tunu alikuwa mwanamke mwembamba, mkavu wa maneno, ambaye hakumpokea kwa ngoma wala kwa wimbo. Alisema, "Karibu, baba, maji ya kunywa yamechemshwa," akampa kiti. Mkaguzi alijisikia vizuri kwa mara ya kwanza tangu avuke mpaka.

Kesho yake alitembezwa shuleni. Chumba cha sayansi hakikuwa na bomba, wala meza, wala chupa moja. Kilikuwa na maturubai, viti vya plastiki, masufuria ya kupikia watu wengi, zulia jekundu lililokunjwa, na marobota ya vitenge vyenye picha ya hadubini. Hivi ndivyo vifaa vya sayansi vya Kisimani, na vilitunzwa vizuri sana. Darasani mkaguzi aliona madawati mengi matupu. Kwa mazoea ya kazi yake akauliza kama kuna utoro.

"Hapana," alisema Mwalimu Tunu. "Wengine wanaumwa tumbo. Wengine tumewazika."

Alilisema hilo mbele ya darasa, na darasa halikushtuka. Msichana mmoja wa dawati la mbele, Siwatu, alikuwa amemzika mdogo wake mwezi uliopita, na kiti cha mdogo wake kilikuwa kimerudishwa chumba cha sayansi, kwa kuwa wageni wangekihitaji. Bwana Shekalaghe alikuwa amekagua shule nyingi mbovu maishani mwake, ila hakuwahi kukagua shule inayopungua namna ile.

Jioni, jua halijazama, mwalimu alimpeleka kwenye kisima. Kilikuwa kisima cha zamani, maji yake meupe, matamu, na mji mzima ulijivunia. Hatua chache tu juu ya kisima, mlimani kidogo, palikuwa na jengo zuri kuliko yote ya Kisimani: vigae chini, pazia dirishani, maua mlangoni. Mkaguzi akadhani ni maktaba. Kilikuwa choo cha wageni mashuhuri, kilichojengwa kwa fungu la sayansi hadubini ilipokuja mara ya kwanza. Kamati ya mapokezi ilikiweka pale makusudi, ili mgeni asitembee mbali kufuata maji ya kunawa. Tangu mvua za mwaka ule, watoto wa Kisimani walianza kuumwa.

Mwalimu Tunu alikuwa amekwenda kulisema hilo mbele ya kamati. Mwenyekiti wake, Bwana Mkumbaru, mtu mwenye sauti nene na shati lisilokunjamana hata mvua ikinyesha, alimsikiliza hadi mwisho, kisha akamuuliza kama anadai kwamba waheshimiwa huacha uchafu kama watu wengine. Hakukuwa na jibu ambalo si tusi. Akafungiwa mlango. Watu waliambiwa mwalimu ana chuki na wageni, na walioanza kuchemsha maji wakaacha, kwa aibu ya kuonekana wanakitukana kisima. Kuchemsha maji ya Kisimani kulikuwa sawa na kunusa chakula ulichopewa ugenini.

Alimweleza mkaguzi haya yote bila kupandisha sauti. Kisha akamweleza sheria moja zaidi. Hadubini ikiletwa, mgeni aliyetoka mbali kuliko wote ndiye huchungulia kwanza, na atakachosema ameona huwa ni Matokeo rasmi, hayapingwi na mtu. Chini ya lenzi hakuwekwi kitu, maana si heshima kumwonyesha mheshimiwa uchafu.

"Siku hiyo mimi ndiye nitakayefuta meza," alisema. "Nikiweka tone la maji ya kisima pale chini, baba, utasema ulichokiona?"

Bwana Shekalaghe alisema atasema. Alilisema hilo akiwa ameshiba, na ahadi ya mtu aliyeshiba haina uzito mkubwa. Usiku kucha aligeuka kitandani akitamani awepo mgeni mwingine aliyetoka mbali kuliko yeye.

Hakuwepo. Siku ya siku ilipofika, wanafunzi walipangwa juani tangu asubuhi, vitenge vimewaganda mwilini. Hadubini ilikuja ndani ya gari lenye mapazia, imevishwa joho la mahameli, mbele pikipiki, nyuma basi la kwaya. Alishuka kwanza Mlezi wa Hadubini, mzee mwenye glavu nyeupe, ambaye kazi yake ilikuwa kuivua joho na kuivisha tena. Watu walipiga vigelegele. Wimbo wa sehemu za hadubini ukaimbwa, na kweli waliimba vizuri. Mkaguzi, ambaye si mtu wa machozi, alilengwalenga na machozi ulipofika ubeti wa lenzi na kuisikia sauti ya Siwatu.

Ndipo yakasomwa Matokeo ya miaka iliyotangulia. Waziri, alipochungulia, aliona mwanga. Mkuu wa jimbo aliona mustakabali. Mke wa mkuu wa jimbo aliona kitu cheupe, kizuri, kimetulia. Kila Matokeo yalipigiwa makofi. Mwalimu Tunu alifuta meza kwa kitambaa, mkono wake ukapita chini ya lenzi, ukatoka. Bwana Shekalaghe akaitwa, akainama, akafumba jicho moja.

Mwanzo aliona ukungu. Akazungusha kigurudumu kama alivyofundishwa zamani chuoni, na ukungu ukafunguka. Vilikuwa vinaogelea. Vingine virefu vinajinyonga, vingine vya duara vinakwenda mbio na kugongana, vimejaa kila upande, havina habari na mapokezi. Alijikuta anawaza idadi ya vikombe ambavyo mtoto hunywa kwa siku. Neno "mwanga" lilikuwa limeshamfika ulimini, lingetoka kwa urahisi, na baada yake pilau. Aliogopa kweli, na aliona aibu kwa kuogopa. Akainuka.

"Nimeona vijidudu," alisema. "Viko hai. Ni maji ya kisima chenu."

Kwa mara ya kwanza katika historia ya mapokezi ya Takrimani, Matokeo hayakupigiwa makofi. Mlezi akachungulia mwenyewe, akarudi nyuma hatua moja, akaivisha hadubini joho lake haraka kama mtu anayemsitiri mgonjwa. Matokeo hayapingwi, kwa hiyo hakuna aliyeyapinga. Kilichobaki kujadiliwa ni vijidudu hivyo vimetoka wapi, na kamati ikakaa pale pale chini ya turubai.

Mjumbe mmoja alisema vimetoka jichoni mwa mgeni. Mtu hutembea na ya kwao. Mwingine alisema huenda ni kwaya, imeimba kwa nguvu mno na kurusha mate. Bwana Mkumbaru alisikiliza wote, kisha akasimama. Alisema maji ya Kisimani yamenywewa na waziri mwenyewe, tena akaomba ya pili, kwa hiyo kuyasingizia maji hayo ni kuitukana nchi mbele ya mgeni, na tusi la hadhara hujibiwa hadharani. Akaagiza vikombe. Akaagiza ndoo mbili zitekwe kisimani. Kila mwanafunzi aje mbele, anywe kikombe kizima, mgeni aone kwamba mji huu haunyweshi watu vijidudu.

Watoto walikuwa wamesimama juani tangu asubuhi. Walikuwa na kiu, wakajipanga kwa furaha. Bwana Shekalaghe alianza kueleza, akataja choo, akataja mlima na mteremko, lakini kadiri alivyoeleza ndivyo wazazi walivyozidi kunung'unika na ndivyo Bwana Mkumbaru alivyozidi kujaza vikombe. Kweli yake ilikuwa inawasogeza watoto karibu na ndoo. Siwatu alikuwa wa tatu kwenye mstari.

Mwalimu Tunu akapita katikati ya mstari, akasimama mbele ya meza.

"Waheshimiwa," alisema, "mgeni wetu hajui ya hapa. Mimi ni mzaliwa wa hapa, na ninasema mbele ya Mungu: kabla hadubini haijafika Kisimani mara ya kwanza, maji yetu yalikuwa safi. Hivi vijidudu vimeletwa na hadubini."

Kamati ilimgeukia. Mwalimu aliendelea, kwa sauti ile ile kavu, kwamba mji hauna kosa, kisima hakina kosa, waziri alikunywa maji safi kabisa. Ila mashine ile imezunguka shule nyingi, imeshikwa na wengi, na mgeni wa namna hiyo akileta kitu, mwenyeji haoni haya kujikinga. Yachemshwe maji, basi, mpaka vilivyoletwa vife. Si tusi kwa kisima. Ni kukipa kisima matibabu.

Bwana Mkumbaru alifikiri muda mrefu, akiwa na kikombe mkononi. Hoja hiyo haikumvunjia heshima mtu yeyote aliyekuwa hai, na hapo ndipo ilipokuwa na nguvu. Akamwaga kikombe mchangani. Ikaamriwa kwamba Kisimani wachemshe maji yote ya kunywa, kwa amri, na asiyechemsha atozwe faini. Watoto wakapewa soda zilizokuwa zimewekewa wageni, nao hawakulalamika.

Wakati wa kurudi nyumbani Bwana Shekalaghe alikuwa na hasira, na kwa kuwa hakuwa mtu wa hasira, hakujua aiweke wapi. Alimwambia mwalimu amewafundisha watu uongo. Mwalimu alimuuliza ni neno gani kati ya aliyoyasema lilikuwa la uongo. Mkaguzi akayarudia moja moja kichwani, choo kilijengwa lini, kwa sababu gani, kwa fedha za nini, asipate hata moja la uongo.

Alikaa Kisimani msimu wote wa mvua, kwa kuwa barabara zilikatika. Mvua zile hakuzikwa mtoto hata mmoja. Madawati yalianza kujaa, na kiti kimoja kimoja kikarudishwa kutoka chumba cha sayansi. Habari za mji mkuu pia zilifika. Baraza lilikuwa limejadili jambo hilo kwa kina. Hadubini iliwekwa karantini katika jumba la wageni, na kwa kuwa mgeni aliye karantini huhitaji uangalizi zaidi, fungu la sayansi liliongezwa. Mjumbe mmoja aliuliza kuhusu miji mingine ambako hadubini ilipita, kama nako vijidudu viliachwa. Alijibiwa kwamba huko hakuna mtu aliyeviona, na kisichoonekana hakipo. Kuchemsha maji huko kungekuwa kuwatisha wananchi bure. Mjumbe akashukuru kwa jibu.

Mvua zilipokatika alikuja mtahini wa Wizara. Mitihani ya Takrimani ni ya mdomo, mbele ya wazazi na kamati. Mtahini huuliza, mwanafunzi hujibu, na mwalimu wa somo hutamka kama amepata au amekosa. Mwaka huo swali la sayansi lilikuwa jipya kabisa: vijidudu vya maji hutoka wapi? Jibu la Wizara lilikuwa limeshafundishwa. Mwanafunzi wa kwanza akasimama, akasema hutoka kwenye hadubini, mwalimu akasema amepata. Wa pili vivyo hivyo. Wazazi walitabasamu. Zamu ikamfikia Siwatu.

Siwatu alisema hutoka kwenye choo cha wageni.

Akaeleza, taratibu, bila kujua kwamba hakutakiwa kueleza. Alikuwa amechukua buluu ya kufulia nguo ya mama yake, akaikoroga kwenye ndoo, akaimimina katika choo kile kizuri wakati wa mvua. Kila asubuhi alikwenda kisimani na kikombe cheupe. Mwanzo maji yalikuwa meupe. Mvua kubwa ilipopita, akateka maji ya buluu. Alikuwa amemwonyesha mama yake, na mama yake akadhani amefulia humo. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo, na serikali haikutumia hata senti moja.

Bwana Shekalaghe, aliyekuwa amekaa nyuma, alihisi nywele za shingoni zinasimama kwa furaha. Kisha akamwona Bwana Mkumbaru akiinuka polepole kwenye kiti chake, na mtahini akimtazama mwalimu. Akaelewa. Mwalimu akisema binti amepata, basi kisima kimetukanwa upya, amri ya kuchemsha imekosa msingi, na vikombe vitaitwa tena.

Mwalimu Tunu alimgeukia mwanafunzi wake.

"Umekosa," alisema. "Kaa chini."

Bwana Mkumbaru akakaa. Siwatu naye akakaa, macho yamemjaa machozi, na mtihani ukaendelea hadi mwisho kwa majibu yaliyo sawa.

Watu walipotawanyika kwenda kula, msichana alibaki mlangoni mwa darasa. Hakuwa analia tena. Mwalimu alikuwa ameinamia meza, viganja usoni, na mkaguzi amesimama dirishani hajui asaidie nini.

"Mwalimu, nimekosa wapi?" aliuliza Siwatu.

"Hukukosa popote, mwanangu. Mimi ndiye niliyekosa, na nimekosa makusudi. Muendelee kuchemsha maji nyumbani."

"Tunachemsha." Siwatu alisogea karibu. "Ila shangazi yangu ameolewa Mtondoo. Huko hawachemshi. Wana watoto wanne, na choo cha wageni kipo."

Mwalimu Tunu aliondoa mikono usoni. Alimtazama yule binti, kisha akatazama nje, ambako kamati ilikuwa imeanza kugawiwa pilau.

"Ile buluu," alisema, "imebaki?"

"Imebaki kidogo, mwalimu."

"Nenda kailete."

Bwana Shekalaghe alikuwa amefunga mizigo yake tangu jana, na njia ya kwao ilikuwa upande wa pili kabisa. Alimuuliza mwalimu kwenda Mtondoo mtu hupitia wapi.